Mtani Aliyelia

Mwelwa Kasuba hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za wodi ya wazazi kule hospitalini Chipata, na hata hizo, miaka yake ya mwisho kazini, alikuwa akizipanda huku anazisema. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwili wa kushiba, na goti la kushoto lenye tabia zake. Ungeuliza pale mtaani kwao ni nani hatakaa aonekane juu ya mlima wa Mulanje, wote wangemtaja yeye. Lakini ndiye huyo, saa moja asubuhi ya mwezi wa sita, nje ya nchi yake, amesimama kwenye lango la msitu pale Likhubula na raba za mwanawe Chola miguuni na kitenge juu ya suruali, anautazama mlima jinsi mtu anavyomtazama mkwe asiyemtaka.

"Ni mkubwa," alisema.

"Ni mkubwa kweli, mama Chola," Zelipa akamjibu. "Tukichoka tutapumzika."

Na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa. Lilikuwa jibu zuri, la upole, la mtu aliyelelewa akaleleka. Zelipa Jere hakutakiwa kumjibu Mwelwa hivyo hata siku moja.

Mwelwa ni Mbemba wa Kasama. Zelipa ni Mngoni wa Chipata. Hao ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana, na hawa wawili walikuwa wameutendea haki utani huo kwa miaka thelathini na moja, wakivaa sare moja ya unesi. Siku ya kwanza Mwelwa alipohamishiwa Chipata, Zelipa alimkuta chumba cha dawa akamwuliza, mbele ya daktari, kama nyani wa Kasama wamekwisha hata ameamua kuja kutafuta kitoweo huku. Mwelwa akamwambia hapana, amesikia panya wa Chipata wamenona kuliko wenye nyumba. Daktari, ambaye alikuwa mgeni, alitaka kuwapeleka kwa matroni wakasuluhishwe. Wenyewe walikuwa wameshapatana. Toka siku hiyo hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Ilikuwa mla nyani na mla panya, mtumwa wangu huku na mtumwa wangu kule, na Mwelwa akienda kwa Zelipa akiona kuku anamfaa, anaondoka naye mchana kweupe bila kuaga.

Halafu Laban akafa.

Laban alikuwa mume wa Zelipa, Mngoni mwenzake, dereva wa lori, mtu wa kelele nyingi na moyo mweupe. Ndiye aliyempakia Mwelwa katikati ya magunia ya chai usiku alioshikwa na uchungu wa Chola. Akafa kwa shinikizo la damu, Jumanne moja, akiwa anafunga kamba za viatu. Msibani watu walijua nani ana kazi gani, na kazi ya Mwelwa ilijulikana kuliko zote: yeye ndiye mtani. Alitakiwa aingie kaburini kabla ya jeneza, alale humo, aseme hatoki mpaka alipwe, amseme marehemu vibaya mbele ya umati mpaka mjane acheke, hata kama kicheko kitatoka kimechanganyika na makamasi. Alijiandaa. Alikuwa na maneno yake, na mkononi ana furushi la panya wakavu wa kumfungia marehemu kama chakula cha njiani.

Ngoma ikanyamaza. Watu wakampisha njia. Mwelwa akalitazama sanduku lile, akamwona mawazoni Laban amefunga vibaya mizigo ya lori lake na anaimba. Akaanguka pale pembeni ya kaburi, akalia kama dada yeyote, akalia mpaka wanawake wa kanisani wakambeba. Mbemba mwingine hakuwepo. Wazee wakasubiri kidogo, wakatazamana, wakamzika Laban kwa heshima zote, kimya.

Miezi kumi na minne ilikuwa imepita. Zelipa hakumlaumu hata mara moja. Alianza tu kumwita mama Chola. Alianza kusema asante, karibu, pole na safari. Mwelwa akimwita mla panya, Zelipa anatabasamu lile tabasamu ambalo manesi wanampa mgonjwa anayeweweseka. Kuomba radhi nako hakuwezekani, maana mtani akiomba radhi ndiyo kabisa ameuzika utani kwa mikono yake. Adabu ile ilimchoma Mwelwa kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa, na alikuwa ametukanwa na akina mama wa leba kwa lugha saba.

Na sasa muda ulikuwa umekwisha. Mwisho wa mwezi Zelipa alikuwa anahamia Kitwe kwa binti yake, moja kwa moja, vyombo vimeshafungwa. Kabla ya kuhama akasema anataka kwenda Mulanje. Miaka ishirini Laban alibeba chai kutoka chini ya mlima ule, na kila alipofika nyumbani alimwambia mkewe: iko siku nitakupandisha kule juu. "Sina mwingine wa kwenda naye," Zelipa alimwambia Mwelwa. Mwelwa aliitika kabla hajafikiria goti lake. Alijiambia kwamba huko, mbali na kanisa na majirani, ama atampata mtani wake ama atamkosa moja kwa moja.

Mpagazi wao aliitwa Elestoni Namakhwa, Mlomwe wa pale pale, mtu wa miaka kama arobaini, mwembamba, aliyebeba kapu lao kichwani na mablanketi juu yake na bado akawa anatembea kama anayekwenda dukani kununua chumvi. Mwanzo njia ilikuwa ya kistaarabu, kati ya misonobari. Kisha ikasimama wima. Ikawa mawe na mizizi, jiwe linalofika kiunoni, mzizi unaoteleza, jiwe tena.

"Elestoni, baba," Mwelwa alisema, ameshika mti kwa mikono miwili, "aliyeichora njia hii alikuwa anamkimbia nani?"

"Hii ndiyo ya wanawake, mama. Ya wapasua mbao iko kule, ile ndiyo kali."

"Ya wanawake! Huyo mwanamke naomba nionyeshwe kaburi lake."

Elestoni alisimama. Akashusha sauti. "Mama, samahani. Huku juu kuna mambo hatusemi. Hatuutukani mlima, hatutukanani sisi kwa sisi, na waliokufa hatuwagusi-gusi kwa maneno. Wenye mlima wanasikia. Mtu akisema ovyo, chiperoni inashuka, anazunguka mle kwenye ukungu siku tatu, akirudi hajijui."

"Tumesikia, baba," Zelipa alisema kwa heshima. "Hatutasema ovyo."

Mwelwa akatamani kukaa chini acheke, au alie. Amevuka mpaka, amelala njiani usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni, amekuja kuutafuta utani wake uliopotea, na mahali alipouchagua kuutafuta ni mahali ambapo utani wenyewe ni marufuku.

Akajaribu hivyo hivyo. Walipofika kwenye mwamba mmoja Zelipa akawa anahema, ameshika kiuno, Mwelwa akamwambia: "Ninyi si ndio mababu zenu walikuja kwa miguu kutoka kwa Wazulu, wanapora ng'ombe njia nzima? Mlima mmoja tu, Mngoni, ulimi nje?"

Elestoni akageuka kwa hofu, kapu likayumba.

"Kweli, mama Chola," Zelipa akasema. "Tumelegea siku hizi."

 Mwelwa alikuwa ameirusha vizuri ile, ya kudakwa kirahisi kabisa, na mwenzake ameiacha ikaanguka.

Saa tano walikaa juu ya jabali kula. Walikuwa na mandazi, viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya togwa, na Mwelwa akatoa viwavi wake wakavu aliokuja nao kutoka nyumbani, kwa sababu Mbemba hasafiri bila viwavi. Chini yao mashamba ya chai yalikuwa yamelala kijani mpaka macho yanachoka, na barabara imepita katikati. Zelipa aliitazama sana barabara ile.

"Sijui alikuwa anaegesha wapi," alisema.

"Popote penye kivuli na mwanamke anayeuza chai," Mwelwa alitaka kusema. Ilimfika mdomoni kabisa. Lakini Zelipa alikuwa na uso wa mtu aliye kanisani, akatia kiwavi mdomoni badala yake.

"Mchungaji alisema vizuri siku ile," Zelipa aliendelea. "Alisema Laban alikuwa taa ya familia. Mwajiri wake akasema hajawahi kuwa na dereva mtiifu kama yeye. Shemeji zangu wakasema hakuwahi kugombana na mtu."

"Walisema, ndiyo."

"Wote walisema vizuri."

"Zelipa," Mwelwa akaanza, "siku ile mimi..."

"Hapana, mama Chola. Alikuwa rafiki yako. Ulikuwa na haki ya kulia." Akakunja kitambaa cha chakula, akakunja tena, akakiweka kapuni. Mazungumzo yalikuwa yamefungwa pamoja na mandazi.

Waliendelea. Karibu na saa saba njia ililala, wakaingia kwenye uwanda wa juu wenye nyasi na mierezi iliyosimama mmoja mmoja, na ndipo chiperoni iliposhuka kweli. Ukungu mweupe ukaja na manyunyu ya baridi, ukafunika miti, ukafunika njia, ukamfunika Elestoni aliyekuwa hatua kumi mbele. Akasikika akiita: "Nyayo zangu! Fuateni nyayo zangu! Pembeni kuna mashimo ya wapasua mbao!"

Mwelwa alisikia vizuri. Tatizo lilikuwa goti. Lilichagua dakika hiyo kufanya tabia yake, akayumba kushoto, akakanyaga nyasi ambayo chini yake hapakuwa na kitu, na akaenda. Alikwenda kwa makalio, taratibu na kwa muda mrefu, huku anashika kila kitu na kila kitu kinakuja naye. Alipotua alitua juu ya unga wa mbao uliooza, laini, umelowa. Akajipapasa. Hakuna kilichovunjika. Akatazama.

Lilikuwa shimo refu, la mstatili, kuta zimechongwa zikanyooka ila ule uliobomoka alikoteremkia, kina cha urefu wa mtu na zaidi kidogo. Wapasua mbao walilichimba ili mmoja asimame chini na mwingine juu, wavutane msumeno. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuzika angelitazama na kuona kitu kingine. Juu, kwenye ukingo, ukungu ulifunguka kidogo, na Zelipa alikuwa amesimama pale, kichwa kimeinama, shuka jeusi mabegani, anachungulia ndani.

"Mama Chola! Umeumia? Jamani, Elestoni! Mama Chola, usisogee, tunakutoa sasa hivi."

Mwelwa alimtazama kutoka chini.  Aliogopa kuliko alipokuwa anaanguka. Kama hili nalo Zelipa atalipokea kwa tabasamu la wodini, basi yamekwisha. Atamsindikiza kituo cha basi mwisho wa mwezi, wataagana kwa kupeana mikono. Na kama litamuumiza, itakuwa mbaya zaidi ya hapo. Akajilaza chali kwenye unga wa mbao. Akakunja mikono kifuani.

"Sitoki," alisema.

"Mama Chola?"

"Sitoki humu mpaka nilipwe! Mnaleta maiti ya Mngoni mnataka kuizika bure bure, mimi nimekuwa nani? Shimo hili ni langu. Huyo mla panya wenu mtupeni porini!"

"Mama!" Elestoni alikuwa amefika. Uso wake ulitokeza kando ya Zelipa, macho yamemtoka. "Mama, nakuomba! Si hapa!"

"Nani analia huko juu? Mnamlilia nani, Laban? Laban Jere yule ninayemjua mimi? Aliyekimbia sindano ya pepopunda akaruka dirisha la hospitali, mkewe nesi, mimi nesi, tukamkimbiza wawili mpaka sokoni? Mnasema alikuwa taa. Taa gani ile, aliyekuwa anakoroma mpaka jirani anadhani lori linawashwa! Mnasema hakugombana na mtu. Aligombana na kwaya nzima! Miaka kumi anaimba besi yake peke yake, wimbo mwingine kabisa, na akiambiwa anasema wengine ndio wamepotea!"

 Elestoni alikuwa ametua kapu, amevua kofia, midomo yake inakwenda, anawaomba wenye mlima msamaha kwa Kilomwe. Zelipa hakusogea. Ukungu ulikuwa umemrudia usoni, Mwelwa hakuona kama mwenzake analia, amekasirika au ameshaondoka moyoni.  Akaendelea kwa sababu hakukuwa na njia ya kurudi.

"Na huo uongo! Eti alipiga simba mmoja kwa spana ya gari pale Luangwa, mwaka uliofuata simba wakawa watatu, alipokufa walikuwa tisa! Na eti iko siku atampandisha mkewe Mulanje. Nani? Laban? Laban aliyekuwa anaogopa kupanda kiti abadilishe taa? Mimi! Mimi Mbemba nilipanda paa lenu nikarudisha bati, mvua inanyesha, na yeye amenishikia ngazi amefumba macho! Anashika ngazi huku anasali! Angepanda Mulanje huyu? Angefika pale kwenye jiwe la kwanza, angesema gari linavuja oili, narudi kuliangalia!"

Kwanza ilisikika sauti kama mtu aliyepaliwa. Elestoni alimshika Zelipa mkono akidhani anaanguka. Kisha ikatoka. Zelipa Jere alicheka. Alicheka akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa, akacheka akapiga ardhi kwa kiganja, akajaribu kusema neno likamshinda.

"Alifumba macho!" alisema mwishowe. "Alifumba macho kweli! Mwongo yule! Miaka ishirini ananiambia tutapanda, tutapanda, na mimi namwitikia, ndiyo baba, tutapanda, na wote tunajua hawezi kupanda hata meza!"

"Mama," Elestoni alimnong'oneza, "huyu mwenzako amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu," Zelipa alisema, anafuta macho kwa shuka. "Ni mtani wangu. Yuko kazini."

Elestoni alifikiri kidogo. "Wenye mlima wanajua hivyo?"

"Waambie."

Sasa kicheko kilikuwa kimegeuka, kama kinavyogeuka siku zote, na Zelipa alikuwa analia kwa sauti, kilio cha kutoka tumboni, ambacho Mwelwa hakukisikia hata siku ya maziko. Mwelwa akakaa. Akatamani kuwa juu, amshike. Lakini mtani hatoki kabla ya wakati, akabaki pale chini, naye machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

"Wote walinizikia malaika," Zelipa alisema kutoka juu. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya zamani, ile ya chumba cha dawa. "Nilikaa pale mbele nasikiliza, taa ya familia, mtiifu, mpole. Nikawa najiuliza, huyu wanayemfukia ni nani? Mume wangu yuko wapi? Nilikuwa nakusubiri wewe. Nikasema akifika yule mjinga atasema, na Laban atakuwa Laban, nitamzika. Ukafika ukalia. Ukalia kama wao. Nimekaa mwaka na zaidi na maiti ya mtu nisiyemjua."

"Nilimwona anaimba," Mwelwa alisema. "Nilishindwa."

"Najua ulishindwa. Ndiyo maana nilikukasirikia mpaka nikawa na adabu."

 Manyunyu yalikuwa yanapungua, na nyuma ya ukungu jiwe kubwa liitwalo Chambe likaanza kuonekana, jeusi, limelowa, kubwa kupita kiasi. Elestoni alilitazama lile jiwe, akarudisha kofia kichwani.

"Nipeni mkono sasa," Mwelwa alisema. "Baridi inaniingia kwenye goti."

Zelipa alisimama. Akajikung'uta nyasi kwenye kitenge, akajifunga shuka vizuri, akapenga kamasi. Akainama, akachota udongo kiganja kizima, akautupa shimoni. Ukamwangukia Mwelwa kichwani, ukamwingia kwenye kola.

"Bwana Elestoni," alisema, "beba kapu lako twende. Huyu mla nyani tumeshamzika."

"Tumwache, mama?"

"Shimo limemtosha kabisa. Unaona? Kama alipimwa."

Na kweli wakaondoka. Mwelwa alisikia hatua zao kwenye nyasi, kumi, ishirini, na Elestoni akiuliza kitu kwa wasiwasi, na Zelipa akicheka peke yake. Alijua watarudi. Hakuita. Alikaa pale chini na udongo kwenye nywele, amelowa, goti linauma, anasikiliza kile kicheko kikienda mbali, akamshukuru Mungu.